Chaser Nyeupe Nyuma ya Kamba

Itsuki Tokeshi alikuwa mtu wa shaka tangu utotoni, na bweni likaja kummalizia. Ukilala chumba kimoja na wavulana wanaokula biskuti zako, kisha wanakusaidia kuzitafuta kwa bidii na huzuni, hutaitazama tena dunia kwa moyo mweupe. Kwao, kisiwani Izena, hakuna sekondari ya juu. Mtoto akifikisha umri hupandishwa feri kwenda kisiwa kikubwa cha Okinawa, na ukoo mzima husimama gatini kumpungia mikono kana kwamba anakwenda vitani. Itsuki hakwenda vitani. Alikwenda bwenini, ambako vita ni vya kila siku na silaha kubwa ni soksi.

Katika taabu hizo alikuwa na faraja moja tu, nayo ni magari ya Wamarekani.

Jambo hili lataka heshima, basi na tulieleze kwa heshima. Ndani ya ua wa kambi yao ya jeshi kuna magari usiyoyaona kwingine kisiwani: pikapu pana kama vyumba vya kulala, Mustang za rangi ya ndizi mbivu, magari ya kizamani yaliyovuka bahari nzima ili yaje kupata kutu Okinawa. Mwaka mzima huonekana kwa kuviziwa tu, yakichomoka getini na kupotea. Lakini ikifika siku ya sherehe kambi hufungua geti. Raia huonyesha vitambulisho, hupekuliwa mikoba, kisha humiminika ndani kula nyama choma na kupiga picha ndege za kivita. Ndipo Itsuki na wenzake wachache wa kundi la wapiga picha za magari wanapoingia nao, wakazipa ndege mgongo, wakapiga magoti mbele ya bampa.

Katika kundi hilo Itsuki alikuwa na jina. Mtumie kipande cha taa ya nyuma, kidogo kama ukucha, atakwambia ni gari gani, la mwaka gani, na kama liliwahi kugongwa. Hakuwahi kukosea. Hata waliomchukia kwa majivuno yake, nao hawakuwa wachache, walikiri hivyo.

"Tokeshi, bwana, ndege iko kule," alisema Gima, aliyelala kitanda cha juu yake bwenini. "Watu wote wanatazama kule. Wewe umejikunja hapa unapiga picha rimu."

"Ndege zote zinafanana."

"Na rimu hazifanani?"

"Huelewi kitu, Gima. Kula."

Gima alikuwa anakula. Yeye alikuja kambini kwa ajili ya pizza, na sanduku alilobeba lilikuwa kubwa kiasi kwamba askari wa zamu aliyekuwa akipita alimtazama mara mbili. Siku hiyo askari walitazama kila mtu mara mbili. Jua lilikuwa kali, watu walikuwa wengi, na vipaza sauti vilirudia kila mara kwamba mgeni asivuke kamba za njano, asipige picha walinzi, na akiona jambo la kutilia shaka atoe taarifa. Itsuki alikuwa tayari ameona mambo ya kutilia shaka zaidi ya kumi, ila aliyaweka moyoni.

La kumi na moja lilikuwa nyuma ya hema la pizza.

Pale kamba ya njano ilipopita, upande wa pili, wafanyakazi wa sherehe walikuwa wameegesha magari yao. Kati ya pikapu mbili nyeusi ilichungulia sehemu ya nyuma ya gari jeupe. Mtu mwingine angepita. Itsuki alisimama kama aliyeitwa jina.

"Toyota Chaser," alisema.

"Hongera," alisema Gima.

"Ya mjomba."

Gima aliacha kutafuna, jambo lisilotokea kirahisi.

Kwenye ukoo wa Itsuki, Chaser ile haikuwa gari, ilikuwa ahadi. Mjomba Morikazu, fundi mitambo katika meli ya kuvua jodari, alikuwa mtu wa baharini karibu mwaka mzima. Mwaka wa jana, mbele ya ndugu wote, huku glasi ya pombe ikiwa mkononi, alitangaza: "Itsuki akimaliza shule, ufunguo ni wake." Ndugu wakapiga makofi. Bibi Kamado peke yake hakupiga, akasema mikono yake ina unga. Tangu hapo gari lilikuwa uani kwa Bibi, kule kaskazini mwa kisiwa kikubwa, chini ya turubai la buluu, likimngoja. Shule ilikuwa imebaki muhula mmoja. Kila taa za bweni zilipozimwa, Itsuki alilala chali na kuliendesha akilini, akikanyaga klachi chini ya shuka, mpaka Gima alalamike kwamba kitanda kinatikisika.

"Chaser ziko nyingi," Gima alisema sasa, kwa upole.

"Ziko. Tazama kifuniko cha tangi la mafuta. Gari ni jeupe, chenyewe kina rangi ya jino bovu, kwa sababu mjomba alikitoa kwenye gari bovu. Tazama taa ya kulia. Ule ufa umezibwa na rangi ya kucha ya mama mdogo. Zenye rangi ya kucha ya mama mdogo ziko ngapi?"

Gima aliinua lenzi ya mwenzake kwenye jicho lake lenye mafuta ya jibini. "Namba yake inaanza na Y," alisema.

Kisiwani kila mtoto ajuaye kusoma anaijua herufi hiyo. Gari lenye Y ni la Mmarekani.

Itsuki alimpigia Bibi simu.

"Bibi, hujambo?"

"Sijambo. Chaser iko, imelala chini ya turubai."

"Sijauliza Chaser."

"Umeuliza nini basi?"

"Nimeuliza hujambo."

"Nami nimejibu. Umekula?"

"Bibi, hebu toka uani, ufunue turubai, uniambie unaona nini."

"Sitoki. Kuna habu. Nilikwambia kuna nyoka amezalia mle. Niking'atwa nikafa, wewe utakuja kunilia au kupiga picha gari la maiti?"

Itsuki, kwa bahati mbaya, alilifikiria swali hilo kwa dakika nzima.

"Umenyamaza!" Bibi alisema. "Mababu wanakuona, na wanacheka." Akakata simu.

Hapo ndipo shaka ya Itsuki, iliyokuwa imelala kwa miezi, ilipojinyoosha na kupiga miayo. Alikumbuka alipokwenda kwa Bibi siku za kuwapokea mababu. Alinyoosha mkono alipapase turubai, Bibi akapiga yowe, "Habu!", mpaka majirani wakatoka na mapanga. Alikumbuka pia kwamba turubai lilionekana fupi kuliko zamani. Wakati ule alidhani ni yeye aliyerefuka, na jambo hilo lilimfurahisha sana.

"Bibi ametishwa," alimwambia Gima. "Wezi wamechukua gari, wamemwambia akisema watarudi."

"Au Bibi kaliuza."

"Usimtukane bibi yangu."

"Sijamtukana, nimeuliza. Mimi bibi yangu aliuza baiskeli yangu nikiwa juu yake."

Itsuki hakumsikia. Alitaka ushahidi usiopingika. Chini ya Chaser ya mjomba, karibu na difu ya magurudumu ya nyuma, palikuwa na kiraka cha chuma kilichochomelewa na mjomba mwenyewe, kibaya kama kovu la operesheni. Akikipiga picha kile, hakuna askari atakayebisha. Alitazama kushoto. Alitazama kulia. Akainama chini ya kamba ya njano.

Ikumbukwe kwamba ipo tofauti kati ya mpenda magari na mtu mbaya, lakini ukimwona kwa nyuma, amelala kifudifudi ndani ya kambi ya jeshi, kichwa chini ya gari la askari, mkono mmoja ukisukuma kitu cheusi kuelekea kwenye tangi la mafuta, tofauti hiyo haionekani vizuri.

Alikiona kiraka. Alibonyeza kamera. Kisha akaona viatu.

Vilikuwa jozi mbili. Vya kwanza vilikuwa vya askari kijana wa Kimarekani, aliyekuwa akipiga kelele kwa Kiingereza, mkono kiunoni. Vya pili vilikuwa vimechakaa kisigino, na sauti iliyotoka juu yake ilikuwa ya mtu wa nyumbani.

"Toka polepole, kijana. Mikono niione. Hicho kidude kiache hapo hapo."

"Ni kamera, mzee."

"Hata bomu huitwa jina zuri. Toka."

Alikuwa Mzee Shimabuku, mlinzi wa raia wa kambi ile, mwenye kofia iliyomzidi kichwa na uso wa mtu ambaye amedanganywa na vijana tangu enzi za vocha za simu. Aliichukua kamera kwa vidole viwili. Nyuma yake, kwenye kamba, watu walianza kujaa, na miongoni mwao Itsuki aliwatambua watu watatu wa kundi lake, kamera zikiwa shingoni, vinywa wazi. Gima alisimama kando, sanduku la pizza likiwa limemfunika kifua kama ngao.

"Ulikuwa unatafuta nini chini ya gari la watu?" Mzee Shimabuku aliuliza.

"Si la watu. Ni la mjomba wangu. Limeibwa."

Mzee alimtafsiria askari kijana. Askari akaacha kumkazia macho Itsuki, akaligeukia gari. Akasema neno kwenye redio. Muda si mrefu hema la pizza likafunguka kwa nyuma, akatoka jitu.

Jitu hilo lilikuwa Sajini Pruitt. Alivaa aproni yenye unga, na mkononi alishika koleo refu la kugeuzia pizza. Alimtazama Itsuki, akatazama jua, akafungua kinywa. Kwa sauti ya ngurumo alisema, kwa lugha ya kienyeji iliyonyooka:

"Ewe mtoto wa watu! Jua lote hili na kichwa wazi! Utaumwa, ohoo, utamtia mama yako kiwewe."

Haikuwa lafudhi ya Kimarekani. Ilikuwa lafudhi ya kaskazini kabisa, ya wanawake wazee wanaouza matango machungu kando ya barabara.

"Sajini," Mzee Shimabuku alisema taratibu, "maneno hayo nani alikufundisha?"

"Nimeokotaokota tu, baba yangu. Miguu yangu mimi yaniuma, hebu niseme nikakae. Kuna nini?"

"Kijana huyu anasema gari hili umeliiba."

"Mimi?" Pruitt aliliweka koleo kifuani. "Mababu wananiona, na wanacheka!"

Maneno hayo Itsuki alikuwa ameyasikia simuni muda mfupi tu uliopita. Lakini moyo ulikuwa umeshapanda mbio na hakuwa na namna ya kuushusha. "Muulize alinunua wapi," alisema. "Muulize!"

"Umenunua kwa nani, Sajini?"

Pruitt aliangalia viatu vyake. "Siwezi kusema."

"Kwa nini?"

"Niliapa."

"Uliapa kwa nani?"

"Hilo nalo siwezi kusema."

Askari kijana alisogea hatua moja. Watu kwenye kamba wakanong'ona. Mmoja wa kundi la Itsuki alisema kwa sauti ya kusikika, "Tokeshi amekamata mwizi!" na Itsuki, tusifiche, alinenepa kidogo. Akawaonyesha kifuniko cha tangi. Akawaonyesha ufa wa taa. Akaeleza kiraka cha chini, unene wake na ubaya wake, kabla mzee hajaiona picha, na picha ilipofunguliwa kiraka kilikuwa vile vile alivyosema. Wazee wawili waliokuwa kwenye kamba wakamtikisia vichwa kama wanaosikiliza daktari bingwa.

"Gari ni la mjomba wako, nakubali," alisema Mzee Shimabuku. "Lakini kuna kitu kinanisumbua. Nchi hii gari halibadili mmiliki mpaka muhuri wa mmiliki ugongwe, ule uliosajiliwa serikalini. Gari hili lina namba halali. Basi muhuri uligongwa. Mjomba wako yuko wapi?"

"Baharini."

"Na muhuri wake?"

"Kwa Bibi. Kwenye droo, chini ya madhabahu ya mababu."

"Kwa hiyo mwizi aliingia nyumbani, akafika mpaka mbele ya mababu, akavuta droo, akachukua muhuri, akaenda nao ofisini, kisha akaurudisha?"

"Inawezekana."

"Inawezekana," mzee alikubali, kwa sauti ya mtu asiyekubali. "Au yeyote aliyeutumia alikuwa mtu wa ndani. Vyovyote vile, kuugonga muhuri wa mtu bila yeye kusema ndiyo ni kosa, na si la mchezo. Hapa wanaitwa polisi wa nje, watauliza mmoja mmoja, wataanza na aliye karibu na droo. Nikiwapigia, siwezi tena kuwarudisha. Niwapigie?"

Askari kijana alikuwa ameshafungua mlango wa dereva akikagua ndani. Itsuki aliinama atazame naye. Na pale, juu ya dashibodi, akaliona.

Lilikuwa jani la nyasi ndefu, limefungwa fundo kichwani. Kila bibi kisiwani hulifunga; huliweka juu ya chakula unachobeba safarini, ili kisiguswe na mizimu, vile vitu visivyo na miguu. Ila Bibi Kamado huzungusha fundo mara mbili, kisha hung'ata ncha kwa yale meno yake machache, ikabaki na pengo pembeni. Jani lile lilizungushwa mara mbili. Ncha ilikuwa na pengo. Tena lilikuwa bichi, la kijani, wakati kwa joto la mwezi ule nyasi iliyokatwa haimalizi siku tatu kabla ya kugeuka manjano.

Itsuki alilitazama jani, akamtazama Pruitt. Pruitt alikuwa anamtazama yeye, na kwenye uso wake mpana palikuwa na ombi la wazi kabisa, la mtu aliye tayari kuitwa mwizi kuliko kumtaja ajuza.

"Kijana," alisema Mzee Shimabuku. "Jibu. Niwapigie?"

Kulikuwa na njia rahisi. Aseme ndiyo. Polisi wangekuja, gari lingerudi kwa mjomba, mjomba angetimiza ahadi, na Itsuki angeshika usukani siku ya kumaliza shule. Kundi lingelisimulia jambo hilo miaka. Bei yake ingekuwa Bibi kukalishwa kwenye kiti cha plastiki mbele ya polisi kijana, mikononi ana muhuri wa mwanawe, akiulizwa aligonga lini. Kulikuwa na njia ya pili, na njia hiyo ilimpitisha Itsuki kwenye sehemu iliyomuuma kuliko zote.

Aliigeukia kamba, ili kundi lisikie vizuri.

"Si hili," alisema.

"Nini?"

"Si la mjomba. Nimekosea. Chaser ya mjomba ina... ina taa nzima. Na kifuniko chake ni cheupe. Nilichanganya."

"Mbona kiraka ulikijua kabla?"

"Nilibahatisha. Chaser zote zina viraka." Aliinua sauti kidogo. "Kusema kweli, mzee, magari meupe huwa yananichanganya."

Kutoka kwenye kamba ilisikika sauti kama ya mtu aliyekanyagwa. Alikuwa yule aliyemsifu. Mwingine aliweka kifuniko kwenye lenzi yake, taratibu, kama anayefunika uso wa marehemu.

Mzee Shimabuku alimtazama kwa muda. Aliingiza kichwa ndani ya gari, akaangalia dashibodi, akakitoa. Naye alikuwa mtu wa kisiwa hiki, alikuwa na mama. Hakusema lolote kuhusu nyasi.

"Basi umevuka kamba bure," alisema. "Picha zote zinafutwa. Jina lako linaandikwa, na sherehe ijayo usije getini hapa kutuonyesha kitambulisho, hutaingia. Umesikia?"

"Nimesikia, mzee."

"Na gari la mtu usilalie chini tena. Umenitia kiwewe."

Walipokuwa wanampeleka getini, Pruitt alitembea kando yake hatua chache, koleo begani.

"Wewe ndiye mjukuu," alinong'ona.

"Mjukuu wa nani?"

"Ah," alisema Pruitt. "Vizuri. Mimi pia simjui. Lakini huyo nisiyemjua ananitisha kuliko mkuu wangu wa kambi." Akarudi kwenye pizza zake.

Nje ya ua, kwenye kivuli cha duka la mitumba ya kijeshi, Itsuki alipiga simu tena. Safari hii Bibi alichelewa kupokea.

"Nimeiona," Itsuki alisema.

Bibi hakuuliza ameona nini. Kulisikika kikombe kikiwekwa mezani.

"Wamemfanya nini yule mtoto?" aliuliza.

"Mtoto gani? Lile jitu? Hakuna. Nimesema nimekosea."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya kundi."

Bibi alivuta pumzi. Alijua maana ya kundi. Alikuwa ameonyeshwa picha za rimu kila sikukuu, akazisifu moja moja.

"Mjomba wako anachechemea kwa ajili ya gari lile," alisema mwishowe. "Wewe ulikuwa mdogo, tukakwambia ni ngazi ya meli. Haikuwa ngazi. Ilikuwa kona ya barabara ya Nago, aliyoikosa kwa mbio, na alikuwa peke yake barabarani. Halafu nakaa hapa namsikia anakupa ufunguo, watu wanapiga makofi."

"Mimi ningeendesha polepole."

"Yeye naye alisema hivyo. Huyu Mmarekani alipita barabarani, akaona tairi linachungulia chini ya turubai, akapiga magoti, kama wewe. Nikajua huyu atalipenda, na atakwenda nalo kwao, mbali. Jumapili ananipeleka kliniki ya macho na sokoni. Anaendesha kama amebeba mayai."

"Ungeniambia, Bibi."

"Ungekubali?"

Itsuki alichora rimu vumbini kwa ncha ya kiatu.

"Na mjomba?" aliuliza.

"Mjomba anarudi mwezi wa nne," alisema Bibi, na kwa mara ya kwanza katika maisha ya Itsuki sauti yake ilikuwa ndogo. "Nitamwambia mimi mwenyewe. Lakini ukimwambia wewe kwanza, sitakulaumu. Lilikuwa lako."

Simu ilipokatika, Gima alimsogezea sanduku la pizza. Kilikuwa kimebaki kipande kimoja, jambo lililoonyesha urafiki mkubwa. Itsuki alikila bila kujua kina nini juu.

Jioni ilipoanza, magari yakaanza kutoka getini. Kando ya barabara ya umma hakuna kamba na hakuna wa kumfukuza mtu. Itsuki alitia kadi tupu kwenye kamera kwa mazoea tu, kama mtu anavyokuna upele. Zikapita pikapu mbili. Kisha Chaser ikatoka, ikakata kona taratibu sana, kiasi kwamba basi la nyuma yake likapiga honi kwa hasira. Mwanga ulikuwa wa pembeni, ule ambao wapiga picha huungoja mwaka mzima. Itsuki alipiga goti, akaifuata kwa lenzi, akabonyeza mara moja.

Aliitazama kwenye kioo. Matairi yalikuwa yanazunguka, kila nukta ya bodi imetulia, rangi ya kucha inang'aa kwenye taa kama kaa la moto. Hakuwahi kupiga picha kama ile, na pengine hangepiga nyingine. Kundi lingeiona tu, lingejua kwamba gari lile ni lile, kwamba hakuchanganya chochote, na jina lake lingerudi kabla ya chakula cha usiku. Kundi lina watu wengi. Na baharini, aliko mjomba, siku hizi kuna mtandao.

"Umeipata?" Gima aliuliza, akinyoosha shingo.

Itsuki alizima kamera.

"Imetikisika," alisema.

Gima alimtazama kwa jicho la mtu anayelala kitanda cha juu, asiyefichwa kitu. Alimtazama sana. Kisha akakunja sanduku la pizza na kuliweka kwapani.

"Pole," alisema. "Magari meupe yana shida."

Wakaondoka kuelekea bwenini, na Itsuki akawa anatembea upande wa barabara, akisoma vibao vya namba vya magari yaliyokuwa yanapita bila kuyaangalia magari yenyewe.